Sakafu tano za ukumbi mmoja: shajara ya mradi wa sinema ya zamani, Dar es Salaam

Jengo liko katikati ya mji. Lilianza kama sinema, kisha likawa disko, ghala, kanisa na mwisho ukumbi wa harusi. Jina lake halitajwi humu, kwa makubaliano na mwenye nyumba. Kazi yenyewe ni kuurudisha ukumbi kwenye hali ya kuweza kuonyesha picha, kupigwa muziki na kufanyiwa sherehe, bila kujenga kitu ambacho mtumiaji ajaye atalazimika kukivunja. Palipokosewa, kosa limeachwa lilivyoandikwa na sahihisho limewekwa chini yake.

Wiki ya 1: vipimo kabla ya sululu

Urefu wa ndani ni mita 31 kutoka mlango wa nyuma hadi ukuta wa pazia la picha, upana mita 17. Sakafu ya leo ni marumaru nyeupe, bapa tangu mlangoni hadi mwisho, sawa na kibaraza cha tiketi. Hapo ndipo shaka ilipoanzia, maana sinema haina sakafu bapa. Dalili ya pili ni uwazi wa jukwaa: fremu yake ya plasta inaanzia sakafuni bila kitako, kama mtu aliyezama hadi magotini. Ya tatu iko nje. Kutoka barabarani hadi kibarazani kuna ngazi 8 za sentimita 15, yaani mita 1.2. Aliyejenga hakuwapandisha watu hivyo kwa urembo. Alitaka nafasi ya kuishusha sakafu kuelekea pazia bila kuchimba sana, kwa sababu ukichimba sana karibu na bahari unakutana na maji.

Usawa umepimwa kwa mpira wa maji, ule mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani. Kifaa cha leza kilikuwepo, lakini kwenye marumaru zinazong'aa mstari wake uliakisiwa na kusomeka mara mbili. Mpira ukiwa na kiputo cha hewa unadanganya kwa sentimita kadhaa, hivyo kila asubuhi ncha zake mbili zilishikwa pamoja kwanza ili kuhakikisha maji yanasimama sawa.

Wiki ya 2: mashimo matano

Mashimo ya majaribio ya sentimita 60 kwa 60 yamekatwa katikati ya ukumbi. Kina kimepimwa kutoka uso wa marumaru hadi sakafu ngumu ya chini:

mita 3 kutoka mlangoni: 0.30
mita 9: 0.45
mita 15: 1.30
mita 21: 1.50
mita 25: 1.60

Namba ya pili haikai na wenzake. Tuliandika kwamba sakafu ya asili ilikuwa na kibonde kisha ngazi. Si kweli.

*Sahihisho, siku nne baadaye.* Shimo la pili lilipopanuliwa, ile sakafu ngumu ikawa ni ngazi pana ya matofali iliyojengwa juu ya sakafu ya asili. Tulipoivunja pembeni kidogo, saruji nyekundu iliyosuguliwa ikaonekana kwenye mita 0.90, palepale ilipotakiwa kuwa. Basi mteremko ni huu: mita 12 za nyuma zinashuka kwa 1 kwa 10 (mita 1 kwa kila mita 10), mita 12 za mbele kwa 1 kwa 30, kisha mita 2 za mwisho ni bapa mbele ya jukwaa. Jumla mita 1.6. Mwinuko mkali uko nyuma kwa sababu aliyekaa mbali ndiye anayezibwa na vichwa vingi zaidi.

Matabaka, kutoka chini: saruji nyekundu ya sinema, matofali ya disko, kifusi na zege la milimita 100 la ghala, kisha marumaru za ukumbi wa harusi. Kanisa lililokaa humo kati ya ghala na harusi halikuacha sakafu yake. Lilitandika zulia juu ya zege, na gundi ya zulia bado inaonekana chini ya marumaru kama utando wa kahawia. Gundi hiyo ndiyo sababu marumaru zinatoa sauti ya utupu ukizigonga: saruji ya fundi ilishika gundi badala ya kushika zege.

Wiki ya 3: mpangilio wa matumizi

Siku mbili zilitumika kuweka mambo katika mfuatano, maana huwezi kuamua utoe tabaka lipi kama hujui liliwekwa kwa nini.

Ushahidi wa umri umetoka kwenye uwazi wa jukwaa. Plasta imekatwa kulia na kushoto kwa patasi, kazi ya haraka, na vipande vya fremu ya kwanza vimebaki kwa ndani. Fremu ya kwanza ilikuwa na upana wa mita 7.4 na kimo cha 5.4, uwiano wa 1.37 kwa 1, ndio wa picha za zamani. Uwazi uliopanuliwa ni mita 11 kwa 4.7, uwiano wa 2.35 kwa 1. Picha pana za CinemaScope zilianza 1953, na kumbi nyingi duniani zilivunja fremu zao kuzifuata. Kwa hiyo jengo lilibuniwa kabla ya picha pana na likafanyiwa mabadiliko baada yake. Huo ni uamuzi wetu kutokana na ukuta, si kutokana na karatasi.

Yaliyofuata yanafanana na ya kumbi nyingine za mji: Avalon, Empire, Empress, Odeon, Cameo, New Chox. Mwaka 1971 majengo ya thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalitaifishwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba. Aliyekuwa akipangisha maduka ya mbele ili yabebe gharama za paa akapoteza maduka na paa pamoja, na matengenezo yakaanza kusubiri idhini. Miaka ya 1980 ikaja video, na 1994 televisheni za Bara. Mwenye ukumbi wa watu 700 hawezi kushindana na kibanda cha watu 40 chenye deki moja na feni moja.

Kilichofuata hakikuwa kimoja kila mahali. Drive-In ya Msasani, iliyofunguliwa 1966, leo ni eneo la ubalozi wa Marekani. Huko Nairobi, sinema ya Shan ya Ngara imekuwa Sarakasi Dome, na hiyo ni bahati ya nadra: sarakasi inataka kimo kirefu na watazamaji wanaoelekea upande mmoja, mambo mawili ambayo sinema inayo tayari. Majestic ya Vuga, Unguja, iliyojengwa miaka ya 1950 mahali pa Royal iliyoungua, ilipofungwa iliachwa bila mtumiaji wa kulitazama paa. Tunayataja haya kwa sababu mwenye nyumba aliuliza kama kuna mfano. Upo, lakini uangalie mtumiaji mpya alihitaji nini kwenye sakafu kabla ya kuangalia rangi ya kuta.

Wiki ya 4 na 5: kwa nini kifusi kitoke

Hesabu kwanza. Eneo la mkato wa kifusi kwenye mteremko na ile bapa ya mbele ni mita za mraba 27.2. Ukizidisha kwa upana wa 17 unapata mita za ujazo 462. Ongeza 51 zilizofukia jukwaa la asili, ambalo uso wake uko sentimita 60 chini ya marumaru. Jumla 513. Kwa tani 1.8 kwa kila mita ya ujazo, ndani ya ukumbi kuna zaidi ya tani 900 za matofali mabovu, mchanga na plasta.

Uzito wenyewe unakaa ardhini na haumsumbui mtu. Msumbufu ni msukumo wa pembeni. Ukuta ni tofali la milimita 230 lililojazwa kati ya nguzo za zege, umejengwa kubeba upepo na plasta yake tu. Kifusi chenye kina cha mita 1.6 kinausukuma nje kwa karibu tani moja kwenye kila mita ya urefu wake. Timazi imeonyesha ukuta wa upande wa uchochoro umebinuka milimita 38 kati ya nguzo ya nne na ya tano, na ufa umefuata viungo vya matofali kwa ngazi, kama ufa wa msukumo unavyotakiwa kwenda. Mpangaji aliyeendesha ukumbi wa harusi aliuziba kwa jipsamu akaupaka rangi. Ukafunguka tena masika iliyofuata.

La pili ni unyevu. Kifusi kimepanda juu ya tabaka la lami lililowekwa ukutani kuzuia maji ya ardhini, hivyo maji yanalipita tabaka hilo kupitia kifusi na kuingia ukutani juu yake. Chumvi nyeupe imetoka hadi kimo cha mita 1.1 juu ya marumaru. Aliyepaka rangi ya mafuta kuizuia aliipandisha juu zaidi.

La tatu ni shimo la maji. Sehemu ya chini kabisa ya sinema, mbele ya jukwaa, iko sentimita 40 chini ya barabara, na wajenzi waliweka hapo shimo lenye bomba la inchi 4 kwenda mtaroni, kwa ajili ya maji ya kuoshea ukumbi. Limezikwa. Maji yanayovuja paani sasa hayana pa kwenda isipokuwa ndani ya kifusi.

Hoja ya kukiacha ilikuwa moja tu, ukumbi bapa unapangishika kwa urahisi. Ni hoja nzito na hatukuidharau. Lakini tazama namba za wiki ya 2. Aliyejaza alisawazisha akianzia mlangoni, na ndiyo maana alihitaji mita 1.6. Angeanzia pale mteremko unapobadilika, mita 12 kutoka mlangoni, angepata eneo bapa la mita 14 kwa 17 kwa kuinua sentimita 40 tu upande wa jukwaani. Nyuma yake angebaki na mwinuko wa viti bila kuugusa. Hilo ndilo tunalolifanya, kwa sakafu ya vipande inayotolewa.

Wiki ya 6 hadi 9: kutoa kifusi

Kifusi kikichimbuliwa kinaongezeka ujazo kwa karibu robo, hivyo mita za ujazo 513 zikawa kama 640, sawa na safari 92 za lori la mita za ujazo 7. Makadirio ya kwanza yalikuwa safari 73 kwa sababu tulisahau ongezeko hilo. Kwenye mkataba wa malori, kosa la namna hii linauma.

Utaratibu: marumaru na zege vinakatwa vipande vya mita moja, kisha kifusi kinashushwa kwa matabaka ya sentimita 30, ukumbi mzima kwa pamoja. Usichimbe upande mmoja hadi chini ukauacha mwingine, utakuwa umeusukuma ukuta usio na mwenzake. Kabla ya tabaka la kwanza, vipande vya kioo vya sentimita 10 vilibandikwa kwa plasta juu ya nyufa 11 na kuandikwa tarehe. Ukuta ukisogea, kioo kinapasuka kabla ya jicho kuona. Vimepasuka viwili, vyote kwenye ukuta uliobinuka, na vyote siku ya tabaka la tatu. Kazi ilisimama siku mbili, magogo sita ya kuegemeza yakawekwa uchochoroni, kisha ikaendelea. Ukuta haujarudi kwenye timazi na hautarudi. Utashonwa kwa nondo za milimita 10 kwenye nguzo.

Saruji nyekundu imetoka nzima kwa sehemu kubwa. Mashimo ya boliti za viti yanasomeka: safu 26 za viti 22, yaani viti 572, umbali wa sentimita 85 kati ya safu na safu. Karibu na jukwaa mashimo yako manne kwa kila kiti badala ya mawili, alama ya mabenchi yaliyotangulia viti. Ngazi za matofali za disko zilikuwa tatu. Mbili zimevunjwa. Ya juu kabisa imeachwa kwa sababu imefunika mpasuko wa sakafu, na kuitoa kungedai zege jipya ambalo halihitajiki.

Shimo la maji lilipozibuliwa lilitoa tope la ndoo 14 na mfuniko wa chuma uliokuwa bado unakaa mahali pake.

Wiki ya 8, sambamba: balkoni

Chini ya balkoni zege limebanduka na nondo zimetoka nje, zina kutu. Kila aliyeingia alinyoosha kidole hapo. Lakini balkoni hii inaning'inia kutoka kwenye boriti yake, na kwenye zege linaloning'inia nondo zinazobeba kazi ziko juu, si chini. Zile zinazoonekana ni za kugawa mzigo. Hivyo uso wa juu ulifunguliwa mahali pane, chini ya viti.

Dawa ya fenolftalini inayopulizwa kwenye zege lililovunjwa muda huohuo hugeuka waridi pale ambapo zege bado linailinda nondo, na hubaki bila rangi pale ambapo ulinzi umekwisha. Kwa chini, rangi ilianza kuonekana kwenye kina cha milimita 28, na nondo ziko kwenye 20. Hapo kutu haishangazi. Kwa juu ilianza kwenye 12, na nondo ziko kwenye 30, salama, isipokuwa kwenye mashimo ya boliti. Maji ya kupigia deki yaliingia humo kwa miaka. Kwenye shimo moja nondo ya milimita 12 imebaki 10.2, upungufu wa asilimia 28 ya chuma chake.

Uamuzi: mashimo yote yazibwe, nondo nne zilizoliwa ziongezewe, na balkoni itumike kwa viti vilivyofungwa tu, 160. Balkoni ya viti hukadiriwa kwa kilonewton 4 (uzito wa karibu kilo 400) kwa mita ya mraba, sehemu ya kusimama na kucheza kwa 5. Zaidi ya hapo kuna mdundo. Watu wakiruka pamoja, balkoni inayoning'inia inaweza kuitikia mdundo wao hata kama uzito hauzidi. Kamati ya harusi itakayotaka kupandisha wacheza ngoma juu itaonyeshwa ukurasa huu.

Wiki ya 10: chumba cha mashine

Chumba hiki ndicho pekee ambacho hakuna mpangaji aliyekipatia kazi, na ndiyo maana kimebaki kama kilivyo. Kuta ni zege la milimita 200. Matundu manne yanatazama ukumbini, mawili ya mashine na mawili ya mwendeshaji, kila moja na kifuniko cha bati zito kinachoning'inia kwa mnyororo. Katikati ya mnyororo kuna kiungo cha madini laini kinachoyeyuka kwenye nyuzi karibu 70, moto ukiwaka bati linaanguka lenyewe. Filamu za naitreti, zilizotumika hadi mapema miaka ya 1950, huwaka hata zikinyimwa hewa kwa kuwa zinajitolea oksijeni zenyewe. Chumba hakikujengwa kuuzima moto huo. Kilijengwa kuufungia ndani mpaka watu watoke.

Mlango mdogo wa nje wenye ngazi ya chuma tuliuandika kuwa mlango wa dharura. Mzee aliyekuwa akiendesha mashine kwenye ukumbi mwingine wa mjini aliutazama akasema ni wa mikebe ya picha. Reli kubwa ya futi 2,000 inakwenda kama dakika 22, hivyo picha ya Kihindi ya saa tatu ni reli 9. Nakala moja ikichezwa kwenye kumbi mbili usiku mmoja, mtu wa baiskeli alizunguka na mikebe, na hakuwa na nafasi ya kupita katikati ya watazamaji. Mlango umefanya kazi zote mbili, lakini ya baiskeli ndiyo iliyoukwangua kizingiti.

Tumekuta vipande vya kaboni vya taa ya mashine, vingine na ganda la shaba, na bomba la moshi kwenda paani. Taa hizo zilikula umeme mwingi wa mkondo mmoja (DC), kwa hiyo laini nene ya umeme inakuja chumbani moja kwa moja. Njia yake inafaa kutumika tena, waya wenyewe haufai: ganda ni la mpira, linabomoka ukilikunja. Projekta ya kidijitali itawekwa kwenye tundu la kushoto. Tundu la kulia lilikuwa la mashine ya pili, ya kupokezana reli. Mwendeshaji aliangalia alama mbili kwenye kona ya juu kulia ya picha, ya kwanza sekunde kama 8 kabla ya kubadilisha, ya pili karibu sekunde moja.

Paa ni la mabati ya asbesto. Halijaguswa na halitaguswa katika awamu hii. Asbesto nzima iliyotulia haina neno. Ya kutobolewa kwa drili ili kuning'iniza taa za mapambo ndiyo yenye madhara, na matundu ya namna hiyo tumeyahesabu 23. Yamelowanishwa, yakazibwa na kupakwa. Taa zote mpya zinaning'inia kwenye kenchi za chuma.

Wiki ya 11 na 12: mwangwi

Puto limepasuliwa sehemu tano, feni zimezimwa, milango imefungwa, kabla ya saa moja asubuhi ili kukwepa daladala. Kipimo hiki kilichukuliwa kabla ya kutoa kifusi na kimewekwa hapa ili kukaa karibu na cha pili. Sauti ilichukua sekunde 3.1 kufa. Kwa ujazo wa wakati huo, mita za ujazo 4,050, kanuni ya Sabine (0.161 mara ujazo, gawanya kwa muda) inatoa mita za mraba 210 tu za ufyonzaji wa sauti kwa jengo zima. Mhubiri na MC wote walilitibu tatizo hili kwa spika kubwa zaidi. Spika kubwa zinaongeza mwangwi sawasawa na zinavyoongeza neno, hivyo msikilizaji hapati kitu ila kelele.

Sinema haikuwa hivi. Kwenye kuta bado kuna vipande vya mbao za mfinyo, mchwa umekula zilizobaki, na viti vya sponji vilikuwa vinafyonza hata visipokaliwa na mtu.

Kifusi kikitoka, ujazo unakuwa mita za ujazo 4,560. Lengo ni sekunde 1.3 na watu 400: si kavu mno kwa taarabu, wala si refu mno kwa maneno ya picha. Kunahitajika kama mita za mraba 560 za ufyonzaji. Jengo lenyewe linatoa 210, watu 160, zinabaki karibu 190. Zimepatikana kwa mita za mraba 200 za makumbi ya nazi yaliyosukwa, unene wa milimita 50 na nafasi ya hewa ya 50 nyuma, pamoja na pazia zito la mita za mraba 60 kwenye ukuta wa nyuma. Ukuta wa nyuma ulipewa kipaumbele: sauti ya jukwaani inakwenda mita 26 na kurudi, sekunde 0.15, na hiyo sikio linaisikia kama neno la pili.

Makumbi yanawaka. Yamechovywa kwenye maji ya moto yenye gramu 100 za boraksi na 45 za asidi ya boriki kwa lita, yakakaushwa kivulini. Kundi la kwanza lilikaushwa juani, chumvi ikapanda juu na kupukutika, na jaribio la kiberiti likashindwa. Vipande 18 vikarudiwa.

Kipimo cha pili, ukumbi mtupu: sekunde 1.9. Hesabu ilitabiri 1.84. Kukaribiana huku tusikutegemee sana, puto si chombo cha maabara.

Wiki ya 13 hadi 15: sakafu ya tano

Kipande kimoja ni marine bodi ya milimita 18, sentimita 122 kwa 244, juu ya fremu ya bomba la mraba la chuma yenye vipitio vitatu vya kukatisha na miguu 6. Vipande 66, sita kwa upana na 11 kwa urefu, vinafanya mita 14.64 kwa 13.42. Pembeni kunabaki mita 1.18 kila upande kwa njia ya kupita.

Uso umewekwa sentimita 12 juu ya sehemu mteremko unapobadilika, maana fremu, bodi na skrubu ya mguu haviwezi kukaa kwenye nafasi ndogo zaidi. Kwenye njia mbili za kushukia kuna mteremko wa 1 kwa 12, urefu mita 1.44, wa kiti cha magurudumu na toroli la vyakula. Upande wa jukwaani miguu ina kimo cha sentimita 52, hivyo jukwaa la asili, lenye mita moja, linabaki sentimita 48 juu ya wachezaji. Kwa harusi inafaa. Kwa maigizo ni fupi, siku hiyo vipande vitolewe.

Kipande cha mfano kilitengenezwa kwa bomba la 40 kwa 40, unene milimita 2. Kilibeba mzigo lakini kikayumba, na hesabu ilionyesha hakina akiba ya kutosha. Tumehamia 50 kwa 50, unene uleule. Kipande kimefika kilo 64, watu wanne, si wawili. Fundi aliyesema wawili wanatosha alibeba vitatu.

Kosa la pili lilisikika kabla ya kuonekana. Vipande vilipokutana chuma kwa chuma, kila hatua ililia kama debe. Sasa kati ya fremu na fremu kuna ukanda wa raba ya tairi wa milimita 8, na chini ya kila mguu kipande cha raba hiyohiyo, ambacho pia kinailinda saruji nyekundu. Kila mguu umepigwa namba inayolingana na rangi sakafuni. Bila namba, kupanga kulichukua siku nzima. Kwa namba, watu wanane walimaliza kwa saa tatu na nusu.

Wiki ya 16: milango na hali ilivyo

Kwa kanuni ya milimita 5 kwa mtu, milango miwili ya mbele ya mita 1.8 na mmoja wa pembeni wa 1.2 haisomwi kama mita 4.8. Unaondoa mlango mpana mmoja kana kwamba moto umeuziba, unabaki na mita 3, watu 600. Mlango wa pili wa pembeni ulikuwa umezibwa na rafu za duka la mbele tangu enzi za ghala. Umefunguliwa, na uwezo sasa ni watu 840, zaidi ya viti vitakavyowekwa. Rafu zilihamia ukuta wa pili, na mpangaji wa duka amepunguziwa kodi ya miezi miwili. Bila mapatano hayo zingerudi.

Yaliyobaki: kushona ukuta wa uchochoro kati ya nguzo ya nne na ya tano, nondo nne za balkoni, waya mpya hadi chumba cha mashine, na mfuniko wa shimo la maji unaofungwa kwa skrubu. Pazia la picha la mita 11 limeagizwa. Fremu ya kwanza ya plasta, ile ya 7.4, itaachwa wazi kwa ndani ili pazia lipite mbele yake bila kuigusa.

Kipimo cha sauti na watu 400 bado. Kitafanywa siku ya kwanza ukumbi utakapojaa, na namba itaandikwa hapa.